Matone Machache ya Damu ya Kisigino

Wazazi wapenzi, mwezi huu ukurasa wetu wa afya unapenda kuzungumza nanyi juu ya kipimo kidogo anachoweza kufanyiwa mtoto akiwa bado mchanga kabisa. Muuguzi hushika mguu wa mtoto, humchoma kidogo pembeni mwa kisigino, na kudondosha matone machache ya damu juu ya karatasi nene inayofyonza. Karatasi huachwa ikauke, hutiwa katika bahasha na kupelekwa maabara. Mtoto hulia, hupewa ziwa, hunyamaza. Basi.

Njia hii ilianzia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa kazi ya Robert Guthrie wa mji wa Buffalo. Yeye alikuwa akitafuta watoto wenye ugonjwa wa nadra ambao mwili wao hushindwa kutumia sehemu moja ya protini iliyomo katika chakula, hata katika maziwa ya mama, na sehemu hiyo ikirundikana huharibu ubongo. Mtoto akijulikana mapema hupewa chakula maalumu na kukua na akili zake timamu. Tangu hapo nchi zenye uwezo zimeongeza magonjwa mengine katika karatasi hiyo hiyo, na mengi kati yake ni ya nadra vilevile. Lakini kwetu huku Kanda ya Ziwa uko ugonjwa mmoja wa damu ambao si wa nadra hata kidogo, nao ndio tungependa utafutwe kwanza. Ni selimundu, ambao wengi huuita siko seli.

Jina lenyewe linajieleza. Mkulima wa mpunga wa Kisesa anaujua mundu ulivyopinda. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na laini, hupita kwa urahisi katika mishipa myembamba. Kwa mgonjwa wa selimundu, chembe hizo zikikosa hewa ya kutosha, au mwili ukikosa maji, hujikunja kama mundu, zikawa ngumu na kuziba njia. Hapo ndipo maumivu makali ya mifupa hutokea. Tena hazidumu: chembe ya kawaida huishi siku kama 120, ya selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano.

Je, ugonjwa huu umeenea kiasi gani kwetu? Jibu lilipatikana katika karatasi za namna hiyo hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Bugando, ile ya Kanisa iliyo kilimani Mwanza na iliyofunguliwa mwaka 1971, imekuwa ikipokea katika maabara yake matone ya damu yaliyokaushwa kutoka kliniki za mikoa ya kaskazini magharibi, ya watoto waliozaliwa na akina mama wenye virusi vya Ukimwi, ili wapimwe kama wameambukizwa. Wataalamu wakaona: damu imekwisha kuchukuliwa, mbona isipimwe na selimundu? Wakapima karatasi zaidi ya 17,000, na matokeo yakatangazwa mwaka 2020. Mtoto mmoja katika kila watano alikuwa amebeba chembe ya urithi ya selimundu bila kuugua. Na katika kila watoto 1,000, kama 12 walikuwa wagonjwa kamili. Msomaji asichanganye mambo: virusi vya Ukimwi havileti selimundu. Karatasi zilikuwa za watoto hao kwa sababu ndizo zilizokuwapo.

Watoto 12 katika 1,000. Hebu fikirini Jumapili za ubatizo katika parokia kubwa kwa mwaka mzima.

Sasa mzazi anaweza kuuliza: kwa nini mtoto apimwe akiwa hana dalili yoyote? Hapa ndipo penye siri ya ugonjwa huu. Mtoto huzaliwa na damu ya tumboni, ambayo haijikunji, nayo humlinda kwa miezi ya kwanza. Hunenepa, hucheka, bibi humsifu. Kuanzia miezi mitano au sita damu ile ya tumboni inapopungua, viganja na nyayo huweza kuvimba, mtoto akalia usiku kucha akiguswa. Wengi hudhani ameteguka, au kuna mtu amemtupia jicho. Huchanjwa chale, hufungwa hirizi, na siku zinakwenda. Wakati huohuo wengu wake, ambao ni mlinzi dhidi ya vijidudu, umeanza kuharibika. Homa moja ya vichomi ikimpata inaweza kumwua kwa siku moja au mbili, naye akazikwa ikisemwa kuwa ni malaria. Wataalamu wanakadiria kuwa katika Afrika, pasipo matibabu, nusu au zaidi ya watoto hawa hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na wengi wao hufa ugonjwa wao haujapewa jina.

Akijulikana mapema yapo mengi ya kufanya, na mengine ni ya bei ndogo. Mwaka 1986 ilithibitishwa Marekani kuwa penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku hupunguza maambukizo hayo makali kwa asilimia 84. Huanza mtoto akiwa na miezi miwili na kuendelea mpaka miaka mitano. Chanjo za kliniki zisikoswe hata moja. Chandarua kila usiku, maana malaria humwangusha upesi zaidi. Maji ya kunywa mengi, nguo za joto asubuhi za baridi. Iko pia dawa iitwayo haidroksiyurea, ya kumeza kila siku chini ya uangalizi wa daktari, ambayo hupunguza maumivu na haja ya kuongezwa damu. Mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba inawafaa na watoto wa Afrika, pamoja na wale wa Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda.

Na liko jambo lisilonunuliwa dukani. Huko Jamaika, kisiwa ambacho si tajiri, walianza kupima watoto wachanga mwaka 1973, na akina mama walifundishwa kupapasa wengu wa mtoto chini ya mbavu za kushoto. Wengu ukivimba ghafla mtoto akapauka, damu yake imejikusanya humo, na saa chache zinatosha kumpoteza. Mama aliyefundishwa alikimbia hospitali, na vifo vya namna hiyo vilipungua sana. Mikono ya akina mama wa Kisesa haina upungufu wowote kwa kazi hiyo.

Tunajua wapo wanaoogopa damu ya mtoto kutolewa, na maneno ya mumiani hayajaisha vijijini. Lakini watu wa Kisesa si wageni wa jambo hili. Tangu mwaka 1994 watafiti wa Ukimwi walipita nyumba kwa nyumba hapo kwenu, wengi wenu mlipimwa, na elimu iliyotokana nanyi imesaidia nchi nyingine. Matone ya kisigino hayajazi hata kijiko cha chai.

Zaidi ya hofu ya sindano, kinachotusikitisha ni lawama. Jibu likija baya, mara nyingi mama ndiye hurudishwa kwao, ikisemwa ukoo wake una damu mbaya. Akina baba, na ninyi mama wakwe, sikilizeni: hakuna mtoto anayepata ugonjwa huu kwa urithi wa upande mmoja. Lazima apokee chembe moja kwa mama na nyingine kwa baba. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa, na kila mimba huanza hesabu upya: waweza kupata watano wazima, au wawili wa kwanza wakawa wagonjwa. Wala kubeba chembe moja si aibu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza kuwa wabebaji hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu chembe hii imeenea penye mbu wengi. Vijana wanaojiandaa kwa ndoa wanafanya vema kupimwa. Kanisa halina kizuizi cha ndoa kwa wabebaji. Lakini heri kujua mapema kuliko kulaumiana mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Jibu la mtoto mchanga huandikwa kwa herufi. FA ni mtoto mzima. FAS ni mbebaji, haumwi wala hahitaji dawa. FS ni mwenye ugonjwa, naye hupimwa mara ya pili kuhakikisha. Kile kipimo cha zamani cha kutazama kwa darubini kama chembe zinajikunja kisitumiwe kwa mtoto mchanga, maana chaweza kumwonyesha mgonjwa kuwa mzima. Pia mtoto aliyeongezewa damu karibuni asubiri, kwa kuwa damu ya mtu mwingine huvuruga jibu.

Si kila zahanati ina kipimo hiki, kwa hiyo ulizeni siku ya kliniki. Ikikosekana, ombeni barua ya kwenda Bugando. Mwende na kadi ya mtoto. Na kama jibu ni FS, wachukueni pia kaka na dada zake wapimwe, hasa yule anayeitwa mvivu kwa sababu asubuhi za baridi hulia miguu na kushindwa kwenda kuteka maji.