Je, Wajua? Klachi Mpya, Gari Halina Nguvu

Gari lililobadilishiwa klachi na flaiwili likashindwa kupanda mlima si lazima liwe na klachi mbovu. Mjini Kigoma, barabara inayopanda kutoka stesheni ya reli kuelekea Mwanga inatosha kutoa jibu, ikiwa haina magari mengi. Gari hutiwa gia ya juu likiwa kwenye mwendo mdogo, kisha eksileta hukanyagwa. Injini ikipaza sauti ilhali mwendo ni uleule, klachi inateleza: huenda pleti imelowa oili iliyovuja kwenye sili ya nyuma ya injini, au pedali imekazwa mno na klachi haishiki sawasawa. Sauti na mwendo vikipanda pamoja, tena kwa uzito, klachi haina kosa.

Hapo kushusha gia boksi upya kwa ajili ya klachi, kabla ya kukagua mengine, ni kupoteza siku. Katika baadhi ya injini, sensa ya mzunguko husoma meno au matundu ya flaiwili. Flaiwili ya injini nyingine inaweza kukubali bolti zote, lakini mpangilio wa meno ukitofautiana, kompyuta hukosea wakati wa kuchoma mafuta na injini hukohoa. Waya wa sensa hiyo, au wa athi, nao husahaulika kirahisi; kuukagua ni kazi ya dakika chache.

Hata klachi ikiwa haina kosa, mzigo mzito wa kupandisha hadi Manyovu ni heri usubiri. Pleti mpya huhitaji kilomita mia kadhaa za mwendo wa kawaida ndipo ishikane vyema na flaiwili.