Kimbunga Kimoja, Majina Mengi

Tarehe 15 Aprili 1872 upepo mkali uliivamia Unguja, ukaharibu merikebu nyingi za Sultani Barghash na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba, iliyo kaskazini kidogo tu, ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Miaka 80 baadaye, tarehe 15 Aprili 1952, kimbunga kingine kiliipiga Lindi.

Lau pepo hizo zingalivuma katika bahari nyingine, zingaliitwa vingine. Katika Atlantiki na Bahari ya Karibi watu husema harikeni, neno la asili ya Wataino, wenyeji wa visiwa vya huko kabla ya kuja kwa Wazungu. Huko Japani na Ufilipino husemwa taifuni. Katika Bahari ya Hindi ni saikloni, jina lililobuniwa Calcutta katika miaka ya 1840 na Henry Piddington, aliyelitoa katika Kigiriki, likiashiria mzunguko kama wa nyoka aliyejikunja. Kiswahili chasema kimbunga, au tufani. Kitu chenyewe ni kimoja. Lakini kisulisuli kinachorusha vumbi uwanjani mwa shule si mtoto wa kimbunga. Hicho huzaliwa na joto la ardhi na kufa baada ya dakika chache.

Kimbunga hulishwa na bahari yenye joto la nyuzi 26 za Sentigredi au zaidi. Mvuke hupanda, hupoa, hugeuka matone ya mawingu, na katika kugeuka huko hutoa joto lililoufanya uwe mvuke. Joto hilo huisukuma hewa kupanda zaidi. Kanieneo chini hupungua, na hewa ya pembeni hukimbilia kuziba pengo. Haifiki moja kwa moja, kwa kuwa dunia inazunguka. Kusini mwa Ikweta hewa hupindishwa kushoto, hivyo kimbunga huzunguka kama akrabu za saa. Kaskazini huzunguka kinyume.

Kwenye Ikweta kupinda huko hakupo. Watalii wa Nanyuki huonyeshwa maji yakizunguka katika beseni kama ushahidi, lakini beseni ni dogo mno. Maji yake hufuata mkono uliomimina. Kimbunga, chenye upana wa mamia ya kilomita, ndicho hasa hutii mzunguko wa dunia, nacho ni nadra kuzaliwa karibu na Ikweta kuliko nyuzi 5, yaani kilomita 550 hivi. Mombasa iko nyuzi 4 kusini, mji wa Unguja nyuzi 6, Lindi nyuzi 10. Vimbunga vingi vya upande huu huelekea Madagaska na Msumbiji, kama Idai kilichoipiga Beira Machi 2019. Pwani ya Tanzania imo ukingoni mwa hatari, wala si nje yake: Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia, kikiwa kimekwisha kudhoofika.

Katikati ya kimbunga kilichokomaa kuna jicho, ambamo upepo hutulia na pengine jua huonekana. Hapo watu hutoka kutazama mapaa na mashua zao. Utulivu huo waweza kuchukua dakika chache au hata zaidi ya saa moja, kadiri ya upana wa jicho na mwendo wa kimbunga. Kisha upepo hurudi kwa nguvu ile ile, ukitoka upande wa pili.