Kujitengenezea Randa ya Mbao

Fundi anayepiga randa ubao wa mvule analijua tatizo hili: sehemu moja inatoka laini, lakini mbele kidogo tu nyuzi zinanyofoka na kuacha vishimo. Nyuzi za mvule hupishana, na randa yenye mdomo mpana huzing'oa badala ya kuzikata. Hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya baadhi ya maseremala wajitengenezee randa za mbao, ingawa za chuma zinauzwa madukani.

Kazi yenyewe ni kongwe. Meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, ilizama mwaka 1545. Wapiga mbizi walioichunguza kabla haijaopolewa mwaka 1982 walikuta humo vifaa vya seremala, zikiwamo randa za mbao. Randa za chuma zilikuja kutamba karne ya 19, hasa baada ya kampuni ya Stanley ya Marekani kununua hataza za Leonard Bailey mwaka 1869.

Aliyewavuta wengi warudi kwenye randa ya mbao ni James Krenov, mzaliwa wa Siberia aliyejifunza useremala Sweden. Mwaka 1981 alianzisha mafunzo ya useremala huko Fort Bragg, California, na wanafunzi wake walianza kwa kujitengenezea randa kabla ya kugusa kabati au meza.

Zamani tundu la kisu lilichimbwa kwa patasi kutoka juu ya gogo zima, kazi iliyodai miaka ya mazoezi. Njia ya Krenov ni rahisi zaidi. Gogo gumu lililokauka vizuri, lenye urefu wa sentimita 30 hivi, hupasuliwa kwa msumeno pande zote mbili ili kupata mashavu mawili membamba. Kiini kinachobaki hukatwa vipande viwili: cha nyuma kwa mlalo wa digrii 45, ambapo kisu kitalala, na cha mbele kwa mlalo uliosimama zaidi, ili maranda yapate pa kutokea. Kisha vyote hurudishwa pamoja kwa gundi na kubanwa kwa klampu. Kijiti cha mbao ngumu hupitishwa kutoka shavu hadi shavu. Kabari ikigongwa chini yake, kisu hakitikisiki.

Mbao ya kutumia haipaswi kucheza na hali ya hewa. Mninga na msaji zinafaa sana, kwa kuwa zikishakauka hazivimbi wala kusinyaa sana.

Ubora wa randa unaamuliwa mdomoni. Kisu kinapoingia kwenye ubao huinua nyuzi zilizo mbele yake. Zikikosa cha kuzikandamiza, ufa hutangulia makali na ubao unachanika. Mdomo ukiwa mwembamba, uso wa chini wa randa huzikandamiza nyuzi hizo hadi makali yazifikie. Kwa sababu hiyo vipande huunganishwa mdomo ukiwa karibu kuziba kabisa, kisha hufunguliwa kwa tupa, kidogo kidogo, mpaka ubaki upenyo usiofika nusu milimita. Hapa haraka haifai hata kidogo: milimita moja ikizidi, randa hiyo itafaa kwa kazi za mwanzo tu, za kupunguza ubao.

Kabla ya hapo uso wa chini husawazishwa kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo. Kisu kinakuwa kimerudishwa ndani, lakini kabari imekazwa sawasawa. Mkazo wa kabari huipinda randa kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Ikisawazishwa kabari ikiwa imelegea, itapinda tena mara tu kazi itakapoanza.

Randa hii haina skrubu ya kurekebishia kina. Fundi hugonga kichwa cha kisu kwa nyundo ndogo ili kishuke. Akitaka kipande juu, hugonga kisigino cha randa. Akigonga kisu ubavuni, makali yaliyokaa upande hunyooka. Kila baada ya kugonga hujaribu kwenye kipande cha ubao na kuangalia maranda: yakitoka mazito upande mmoja, kisu bado hakijakaa sawa.

Uso wa chini huhitaji kusawazishwa tena mara kwa mara, na kila unapopunguzwa mdomo hupanuka. Ukishapanuka mno, fundi huchimba kidogo mbele ya makali na kugandisha kipande cha mpingo, kisha hushika tupa na kuufungua mdomo upya.