Nani Aliyemaliza Maji ya Mtera?

Mto Ruaha Mkuu huanza kama vijito vingi vinavyoteremka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere. Vijito hivyo hukutana katika uwanda wa Usangu, mkoani Mbeya, ambako maji hugawanywa katika mifereji ya mashamba ya mpunga. Yanayobaki hupita katika kinamasi cha Ihefu, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mkoani Iringa, kisha huingia katika bwawa la Mtera. Huko hukutana na maji ya Ruaha Mdogo, mto upitao kando ya mji wa Iringa, na ya mto Kisigo utokao upande wa kaskazini.

Maji hayo hufanya kazi mara mbili. Kwanza huzungusha mitambo ya kituo cha Mtera, chenye uwezo wa megawati 80, kilichoanza kazi mwaka 1988. Baadaye hufika Kidatu, penye megawati 204, ambako awamu ya kwanza ilikamilika mwaka 1975. Kwa sababu hiyo, mtu anayepima kina cha maji katika mto huu anapima pia umeme wa taifa.

Uhusiano huo waweza kuonyeshwa kwa hesabu ya kidato cha pili. Meta moja ya ujazo ya maji ina uzani wa kilo 1,000. Ikianguka kimo cha meta 175, kama ilivyo Kidatu, hutoa nishati ya jouli milioni 1.7, yaani karibu nusu ya kilowati-saa moja. Pale Mtera, penye kimo cha meta 100 hivi, hutoa zaidi kidogo ya robo ya kilowati-saa. Na huko Kihansi, ambako maji huteremka meta 850 hivi, meta hiyo moja hutoa zaidi ya kilowati-saa 2. Sehemu ndogo ya nishati hiyo hupotea katika mabomba na mitambo, lakini kanuni haibadiliki.

Lawama na ushahidi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, maji ya Mtera yalipungua sana na umeme ukagawiwa kwa zamu. Wengi waliwanyoshea kidole wakulima na wafugaji wa Usangu. Hoja yao ilionekana kuwa na nguvu, kwa maana mifereji ilikuwa imeongezeka, na kuanzia mwaka 1993 mto ulianza kukauka kila kiangazi ndani ya hifadhi. Lawama hizo hazikuishia katika maneno. Mwaka 2006 wafugaji waliamriwa kuondoka Ihefu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha.

Je, vipimo vilisema nini? Jambo la kwanza lahusu majira. Karibu maji yote yanayojaza Mtera hufika wakati wa mvua. Maji ya kiangazi ni kidogo mno yakilinganishwa na mafuriko ya masika. Mfereji unaochota maji mwezi wa Septemba waweza kuukausha mto hifadhini na kuwatesa viboko, lakini hauwezi peke yake kulimaliza bwawa lenye nafasi ya kutumika ya meta za ujazo zipatazo milioni 3,200.

Jambo la pili lahusu chimbuko la maji. Vipimo vya miaka mingi vilionyesha kwamba Ruaha Mkuu huleta kiasi cha asilimia 56 ya maji ya Mtera, Kisigo asilimia 26, na Ruaha Mdogo asilimia 18. Karibu nusu ya maji, basi, haipiti Usangu kabisa.

Jambo la tatu ndilo lenye uzito zaidi, nalo ni mizania ya bwawa. Maji yanayoingia, yakitolewa yale yanayotoka na yale yanayogeuka mvuke, lazima yalingane na badiliko la akiba iliyomo. Mwaka 2003 watafiti Yawson, Kashaigili, Kachroo na Mtalo walichapisha uchambuzi wa namna hiyo. Waligundua kwamba kati ya mwaka 1991 na 1994 maji yalitoka Mtera bila kuhesabiwa, na yaelekea kutoka kwake hakukuwa kwa lazima. Upungufu ulichangiwa, kwa hiyo, na namna bwawa lenyewe lilivyoendeshwa.

Matokeo hayo hayawaondolei watumiaji wa Usangu wajibu wao, kwani kukauka kwa mto hifadhini ni tatizo la kweli. Lakini ni maswali mawili tofauti, na kila moja lina jibu lake.

Takwimu zilizo wazi

Jibu la mizania lilichapishwa karibu miaka kumi baada ya mgawo wa umeme. Vipimo vya mto hutunzwa na Ofisi ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa. Vipimo vya bwawa hutunzwa na TANESCO. Mizania haiwezi kufanywa mpaka madaftari yote mawili yawekwe juu ya meza moja. Takwimu huitwa wazi pale ambapo mtu yeyote, awe mtafiti, mwalimu au mkulima anayelaumiwa, aweza kuzisoma, kuzitumia na kuzikagua bila kuomba kibali maalumu.

Kazi ya vijana

Kupima maji hakuhitaji zana za gharama. Wanafunzi wa Mbeya na Iringa walio karibu na kijito wanaweza kukipima kama kazi ya kujifurahisha baada ya masomo, wakiwa na mwalimu wao. Tuseme kijito kina upana wa meta 2 na kina cha wastani cha meta 0.25. Eneo la mkato wake ni meta za mraba 0.5. Kipande cha mti kikielea meta 10 kwa sekunde 20, kasi ya juu ni meta 0.5 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya chini huenda polepole zaidi, kasi hiyo huzidishwa kwa 0.8. Mtiririko basi ni lita 200 kwa sekunde. Yakipatikana maporomoko ya meta 5, nguvu iliyomo ni kilowati 9.8, na mtambo mdogo wa kienyeji waweza kutoa karibu nusu yake.

Daftari la vipimo lina masharti manne: mahali pale pale, saa ile ile, vizio viandikwe, na siku isiyopimwa iachwe tupu bila kukisiwa. Daftari la namna hiyo laweza kunakiliwa katika kompyuta na kutolewa kwa wote. Ndivyo wapenzi wa ramani wafanyavyo katika OpenStreetMap, ramani ya wazi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambamo watu wa kujitolea huchora hata nguzo na njia za umeme.

Tangu mwaka 2024 maji ya Ruaha yana kituo cha tatu, kwani bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lilianza kutoa umeme mwaka huo. Mahitaji ya vipimo yameongezeka. Shule itakayoanza mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijashika, itakuwa na majira yote katika daftari lake ifikapo Novemba inayofuata.