Uji wa Mtoto Utoke kwenye Kinu

Mtoto akifikisha miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Ndipo mama wa huku kwetu Kasongo au Kabambare, mashariki mwa Kongo, anapoanza kutafuta cha kumlisha, na siku hizi jibu la haraka liko butikini: biskwi za kuloweka kwenye chai ya sukari, kopo la unga lenye picha ya mtoto mnene, au ule unga mweupe wa kutia kwenye chai ambao wengi hudhani ni maziwa. Naomba akina mama na akina baba wanisikilize: chakula kinachomfaa mtoto wenu kiko nyumbani, mradi kitengenezwe inavyopasa.

Biskwi ni ngano, sukari na mafuta. Zinanyamazisha njaa, hazijengi mwili. Unga mweupe wa chai kwa kawaida ni sukari ya wanga na mafuta ya mimea. Protini yake ni kidogo mno. Unga wa kopo uliotengenezwa kwa ajili ya watoto una virutubisho vyake, lakini hufika kwetu kwa njia mbovu na bei yake hupanda kila hatua. Mama akishaununua, huuzidishia maji ili udumu, na mtoto akaishia kunywa maji yenye rangi.

Hata hivyo, si kila cha nyumbani ni kizuri. Uji wa muhogo mtupu nao hupikwa nyumbani, na mtoto anayelishwa huo tu yuko katika hatari ya bwaki, yaani utapiamlo wa kukosa protini. Katika gramu 100 za unga wa muhogo, protini huwa chini ya gramu 3. Karanga zina karibu 25, na soya huzidi 35. Ndiyo maana huko Kivu watu wamezoea masoso, yaani mahindi, soya na sorgo vilivyosagwa pamoja. Kwetu mchele unaweza kushika nafasi ya sorgo, kwa kuwa mpunga umelimwa Kasongo tangu zama za mfanyabiashara Tippu Tip, karne ya 19. Changanya vikombe 2 vya mahindi, kimoja cha mchele na kimoja cha soya. Soya ikaangwe mpaka iive ndani, maana ikiwa mbichi huzuia tumbo kuisaga protini. Ukitumia karanga badala ya soya, chambua moja moja na utupe zilizoota ukungu au kusinyaa: sumu ya ukungu huo huharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi.

Tatizo jingine ni uzito wa uji. Unga ukiwa mwingi, uji hugeuka bukari, yaani ugali, na mtoto hawezi kuumeza. Ukiwa mchache, tumbo lake dogo hujaa maji kabla hajapata nguvu. Dawa yake ni kimea, ambacho wataalamu wa lishe wa Tanzania walikihimiza tangu miaka ya 1980. Loweka mahindi usiku kucha, yafunike kwa kitambaa chenye unyevu mpaka yachipue, yaanike juani, kisha yatwange. Wanaopika lutuku, pombe kali ya kienyeji, wanaijua kazi hii vizuri. Pika uji mzito, uepue, tia kijiko cha kimea na ukoroge: baada ya dakika chache utaona mwiko unapita kwa wepesi, kwa sababu kimea kimekata wanga vipande vidogo. Urudishe motoni uchemke tena, ndipo umpe mtoto. Unga ni ule ule, ila sasa unamezeka. Mahindi yakiota ukungu wakati wa kuchipua, yatupe.

Mwisho tia kijiko kidogo cha mawese. Wekundu wake ndio unaoupa mwili vitamini A, kinga ya macho. Usiyachome mpaka yawe meupe, kwani ukipoteza wekundu umepoteza faida. Ndagala waliokaushwa na kutwangwa laini, au yai, hukamilisha bakuli.

Yako mambo ambayo kinu hakiwezi. Chumvi yenye iodini inunuliwe. Mtoto aliyevimba miguu au aliyekonda sana apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Pakiti ya lishe anayopewa huko ni dawa yake, isigawanywe kwa ndugu zake. Na titi liendelee mpaka miaka 2 au zaidi.

Kupima watoto si jambo geni hapa. Miaka ya 1970 na 1980, Mradi wa Kasongo, ulioshirikiana na Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ulifuatilia ukuaji wa watoto wa mji huu. Kazi hiyo ni yetu sote. Mpeleke mtoto mizanini kila mwezi. Uzito ukisimama, mweleze muuguzi bila haya kila kilichoingia bakulini, kisha fedha ya biskwi za wiki hiyo inunue mayai na ndagala.