Mama Mwenye Kuuguza, Nawe Pumzika Kidogo

Leo twazungumza nawe unayeuguza. Mtoto ametoka hospitali, dawa anakunywa, baba yuko baharini, unga umebaki kibaba. Jirani akikukuta uani watunga asumini, waona haya, kana kwamba umemsahau mgonjwa.

Haya ya nini? Mwana Kupona wa Pate alikuwa mgonjwa mwaka 1858 alipomtungia binti yake utendi wa nasaha, na humo hakuacha kumtajia kutunga asumini.

Basi mtoto akilala, kaa karibu naye. Tunga maua machache kabla hayajafunguka, uvute harufu polepole. Pumzi hutulia, mabega hulegea. Deni halilipiki kwa asumini, twajua, lakini mwili umepata nafasi.

Ila wiki mbili zikipita na hakuna kinachokupendeza, chakula hakipiti, usingizi huna, huo si uchovu tu. Ni ugonjwa na una matibabu, nenda zahanati. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje hata siku moja: mwambie mtu wa nyumbani, mwende pamoja. Na kama umejifungua karibuni, mwambie muuguzi hilo pia.