Mpango Mzuri wa Mazoezi ya Baiskeli Huanzia Siku Nyepesi

Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika Afrika, wanaume walipangiwa kilomita 267.5 za kupanda na kushuka vilima. Mtazamaji wa mbio kama hizo hubaki na picha ya watu wanaoumia mlimani, na ni rahisi akadhani mazoezi nayo lazima yaumize kila siku. Sivyo. Sehemu kubwa ya maandalizi ya waendeshaji wa mbio ndefu ni saa nyingi za mwendo mwepesi, na anayepanga ratiba yake aanze kwa kuzilinda saa hizo, ndipo atafute pa kuweka siku ngumu.

Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani anayefanya kazi Norway, alichunguza mazoezi ya wanamichezo mahiri wa masafa marefu akaona kwamba takriban asilimia 80 ya vipindi vyao ni vyepesi. Mwepesi hapa maana yake ni mwendo unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Mwendo huo huongeza mitokondria na mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, nao mwili huzoea kutumia mafuta na kuitunza sukari kwa ajili ya mlima wa mwisho. Faida hizo huja polepole, kwa wingi wa saa, na saa hizo huwezi kuzipata ukiwa hoi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: siku nyepesi wanaikaza kidogo, wanachoka, kisha siku ngumu inapofika miguu haina kitu. Hata ndani ya siku ngumu kiasi kina maana. Katika utafiti wa Seiler na wenzake uliochapishwa 2013, uliodumu wiki 7, waendeshaji wa kawaida waliofanya vipande vinne vya dakika 8, moyo ukidunda kwa karibu asilimia 90 ya uwezo wake wa juu, walipiga hatua zaidi kuliko waliofanya vinne vya dakika 4 kwa asilimia 95.

Atasema mtu: hao wanalipwa kuendesha baiskeli, mimi nina saa sita tu kwa wiki baada ya kazi. Hoja hiyo ina uzito, na asilimia 80 si amri. Mwenye saa chache anaweza kuongeza kidogo sehemu ya kazi ngumu, kwa kuwa ana siku nyingi za kupumzika. Lakini vipindi vikali viwili kwa wiki vinatosha. Cha tatu kwa kawaida hula nguvu za viwili vya mwanzo. Wengine hulalamika kwamba kwao ni milima mitupu, mwendo mwepesi haupo. Upo, ila unahitaji gia: gia ya nyuma yenye meno 32 au 34, na moyo wa kukubali kupitwa na mwenye baiskeli ya mizigo. (Hili la pili ndilo gumu zaidi.)

Yanayobaki si mengi. Makocha wengi huongeza mzigo kwa wiki tatu na kuupunguza ya nne. Ni desturi nzuri, ingawa mwenye umri mkubwa au usingizi haba atapumzika vizuri zaidi akipunguza kila wiki ya tatu. Zikibaki wiki mbili kabla ya mbio, punguza muda wa mazoezi kwa karibu nusu, lakini usipunguze idadi ya siku wala ukali wa vile vipande vigumu. Anayeacha kabisa ili apumzike hufika kwenye mstari wa kuanzia na miguu mizito.